Ombi la Kurudishiwa Mume Aliyeondolewa Pamoja na Kasoro

Fusae Goda,
Higashikagawa,
Mkoa wa Kagawa.
21 Julai

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,
Watengenezaji wa Programu ya Kuhariri Video,
Osaka.

Ndugu Mkuu,

YAH: KUONDOLEWA KWA MUME WANGU KATIKA KANDA ZA VIDEO

Natumaini joto la mwaka huu halijawalemea wewe na wafanyakazi wako. Huku kwetu nyenje wameanza kulia mapema na usiku hatulali vizuri. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kulia, lakini nimeambiwa kwamba barua ya malalamiko haianzi na goti, kwa hiyo naingia kwenye jambo lenyewe.

Jina la programu yenu silitaji humu. Wifi yangu Ikuyo, dada wa marehemu mume wangu, ana desturi ya kusoma kila karatasi inayolala mezani kwangu, nami sitaki awaseme. Ana ulimi. Ninyi wenyewe mnajua mlitengeneza nini.

Mume wangu, Tadanori, alifariki Novemba iliyopita. Hatukujaliwa mtoto. Aliacha baiskeli, miwani miwili ambayo yote ilikuwa haimfai, na sanduku la kanda za video alizozipiga tangu tulipojenga nyumba hii. Alipenda sana kamera yake. Harusi za watu, sherehe za mtaa, theluji ile moja iliyowahi kuanguka ikatulia, vyote alivipiga. Katika kanda zote hizo yeye mwenyewe hayumo, kwa sababu aliyeshika kamera ni yeye.

Jambo hili tuliligundua kwenye mazishi, tulipotakiwa kutoa picha yake. Tulipekua nyumba nzima tukapata moja tu, ya safari ya kiwanda, amesimama nyuma ya mtu mwingine na anatafuna. Watu wa mazishi ni hodari. Walimkata wakamtoa nyuma ya yule mtu, wakamfunga mdomo, wakamvika kimono rasmi cheusi chenye nembo ya ukoo usio wetu. Wageni walisema amependeza. Mimi sikuwalaumu, maana watu wale wana kazi nyingi na siku ile walikuwa na mazishi mengine mchana.

Mwezi ujao ni sikukuu yake ya kwanza ya Bon. Marehemu anarudi nyumbani kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Tutatundika taa nyeupe ya karatasi barazani asipite nyumba, na ndugu na majirani watakuja kumsalimu. Nikajiuliza, wakija watamsalimu nani? Yule bwana wa kimono? Nikaamua niwaonyeshe kanda zake, ili yeye na wageni wakutane mahali ambapo kweli alikuwapo.

Fundi wa redio na televisheni hapa mjini alizihamishia kwenye diski. Zilikuwa zimechakaa. Picha ilikuwa na mistari kama mvua, rangi zimegeuka zambarau, sauti inakwaruza, na watu walikuwa wanafungua midomo kwanza ndipo maneno yanafuata, kana kwamba kila mmoja anatafsiriwa. Nikajiandikisha kwenye darasa la wazee la kompyuta, kwenye ukumbi wa mtaa. Nikanunua programu yenu. Nilipokwama nilipiga simu kwenu, na kila mara alipokea Bwana Onda, ambaye ni mtu mpole na anaongea kama mwenye mafua.

Napenda kukiri kwa haki kwamba programu imefanya kazi. Mistari imeondoka. Zambarau imeondoka. Midomo na maneno sasa vinakwenda pamoja. Hili ndilo ninalolalamikia, na naomba nieleze kwa utaratibu.

1. Kidole. Mume wangu alikuwa mkata ngozi katika kiwanda cha glavu, kazi yake ya ujanani mpaka kustaafu. Glavu za ngozi zisizobana kwenye kidole gumba, nyingi zilipita mikononi mwake. Lakini kidole gumba chake mwenyewe hakuwahi kukiweza. Kila alichopiga, juu kulia pana kitu cheupe chenye wekundu, cha mviringo, kama kipande cha samaki aliyeiva nusu. Nilikuwa namwambia, "Kidole, baba." Anajibu, "Kiko wapi?" na anaangalia mkono mwingine.

Programu yenu ilikitambua kidole hicho mara moja. Ikakiita "kizuizi mbele ya lenzi", ikakiondoa, na mahali pake ikaweka mbingu. Sina ugomvi na mbingu. Katika kanda ya safari yetu ya kisiwani inafaa kabisa. Lakini kanda nyingine aliipigia jikoni kwa Ikuyo, siku ya kutengeneza mochi, zile keki za mchele za mwaka mpya, na sasa jikoni kwa Ikuyo, kando ya jokofu, kuna kipande cha mbingu ya buluu chenye wingu dogo. Ikuyo ameuliza kama kuna siku paa lake lilitoboka bila yeye kuambiwa.

2. Kuinama. Tadanori alisimama akiegemea mguu wa kushoto, na dunia yote aliyoipiga inaelekea huko. Mmeinyoosha. Nyumba yetu sasa imesimama wima kuliko ilivyo kweli, na fundi seremala aliyeijenga akija kwenye Bon atatembea akijisifu.

3. Mtikisiko. Hapa naomba usome taratibu. Mume wangu alikuwa hacheki kwa sauti. Alicheka mabegani. Akicheka na kamera mkononi, picha ilikuwa inarukaruka, na mimi nikitazama kanda nilijua palepale ni kitu gani kilimchekesha, hata kama miaka ilikuwa imepita. Ndivyo nilivyomjua.

Katika harusi ya mtoto wa Ikuyo, msimamizi wa kiwanda alisimama kutoa hotuba. Akasema bwana harusi na bibi harusi wawe kama glavu ya kushoto na ya kulia. Watu wakapiga makofi. Kisha akatafuta karatasi ya pili mfukoni, hakuiona, akarudia kwamba wawe kama glavu ya kushoto na ya kulia. Hapo picha ikaanza kutetemeka kidogo. Akajipapasa mfuko wa nyuma, akasema kwa mkazo zaidi, glavu ya kushoto, na ya kulia. Picha ikaruka mpaka ikaonyesha taa za dari.

Programu imetuliza yote. Katika kanda ya sasa, mume wangu anamsikiliza msimamizi kwa utulivu na heshima tangu mwanzo mpaka mwisho. Ndugu Mkuu, mume wangu hakuwahi kumsikiliza msimamizi yule kwa heshima hata siku moja. Mmenifanya mjane wa mtu mwingine.

4. Pumzi. Haya mengine ningeweza kuyavumilia. Nimeishi na watu waliopenda kuninyooshea vitu na sikufa. Lakini la nne siliwezi.

Katika kanda zake zote, nyuma ya sauti za watu, kuna pumzi. Ni pumzi ya puani yenye mluzi mdogo mwishoni, fyuu, fyuu, kama birika iliyosogezwa kando ya moto. Haiko mbali. Iko hapa, sikioni. Alipokuwa hai sikuisikiliza, kama ambavyo mtu hasikilizi jokofu. Tangu Novemba nimeisikiliza kila siku.

Inasikika zaidi katika kanda ya simba. Kila Oktoba simba wa mtaa wetu huzunguka nyumba kwa nyumba. Ni wanaume wawili chini ya kitambaa kirefu cha rangi. Mmoja ameshika kichwa, mwingine ameinama nyuma akiwa mgongo na mkia, na wenzao wanawapigia gongo la shaba na ngoma. Nyumba ikichezewa, mwenye nyumba huwapa bahasha na kitu cha kunywa. Mwaka huo simba amefika kwetu na anacheza uani, mbele ya mlango. Mimi nadhani nilikuwa jikoni namimina sake, maana sionekani popote. Na mume wangu anapumua kuliko kanda nyingine zote. Kadiri gongo linavyokwenda mbio, ndivyo pumzi inavyokuwa fupi, mpaka mwishoni karibu iwe kilio, na mkono unatetemeka vibaya sana hata simba anaonekana ana vichwa vitatu. Sikujua kwamba ngoma ile ilikuwa inamgusa hivyo. Hakuwahi kuniambia. Hiyo ndiyo kanda niliyoichagua kwa ajili ya Bon. Nilitaka wageni wakae kimya kidogo, wamsikie.

Niliiweka kwenye programu, nikabofya Rekebisha Vyote. Gongo likasikika safi. Ngoma ikasikika safi. Hata nyayo zilisikika kwenye changarawe. Pumzi haikuwapo. Simba anacheza, na hakuna anayemwangalia.

Nikampigia Bwana Onda. Akaniuliza kama nimezima kompyuta na kuiwasha tena. Nilikuwa nimefanya hivyo. Akaniuliza kama kipimo cha kuondoa kelele nimekisogeza mpaka mwisho. Nikamwambia kilijisogeza chenyewe.

"Sasa mama, ukisikiliza, kelele bado zipo?"

"Hazipo hata kidogo."

"Ahsante mama. Basi tatizo limekwisha."

"Hapana mwanangu, ndipo lilipoanza. Hiyo mliyoiondoa ilikuwa pua ya mume wangu."

Nilisikia akiandika kitu kwenye kompyuta yake. Akaniuliza mume wangu alikuwa umbali gani kutoka kwenye kipaza sauti. Nikamwambia kwa sasa yuko makaburini, juu ya hekalu, kama dakika chache kwa miguu. Akasema pole sana, mama, na nadhani alisema kwa moyo, kwa sababu aliacha kuandika. Kisha akaniuliza natumia toleo gani la programu.

Alijitahidi. Alinielekeza kurudisha kipimo kidogo kidogo. Tukarudisha kidogo, mkwaruzo wa kanda ukarudi kidogo na pua haijarudi. Tukarudisha zaidi, mkwaruzo ukajaa chumba kizima, na ndani yake, kwa mbali, pua ikaanza. Nilimwambia asimame hapo. Akasema hapo hakuna mgeni atakayesikia chochote isipokuwa mvua. Tukaenda mbele na kurudi nyuma hivyo muda mrefu, mimi na yeye, kama watu wanaotafuta kituo cha redio. Mwishowe akaniambia ukweli.

"Mama, kanda ikichakaa na pua ikiziba, kwa kompyuta ni kitu kimoja."

Nilimshukuru. Daktari hakuwa muwazi hivyo.

5. Ujumbe. Kazi ilipokwisha, kwenye skrini palitokea alama ya kijani na maneno haya: "Hongera! Kasoro zote zimeondolewa." Mimi si mtu wa kununa. Lakini nilikuwa nimekaa peke yangu na kikombe cha chai, mbele yangu kuna nyumba iliyonyooka, picha iliyotulia, hewa isiyopumuliwa na mtu, na kompyuta inanipongeza. Nafikiri kwa wateja waliofiwa neno hongera lingeweza kuahirishwa.

6. Sasa nakuja kwenye ombi, na naamini utaliona ni la haki. Programu yenu imeweza kukitambua kidole chake na kukitenga. Imeweza kukitambua kicheko chake na kukitenga. Imeweza kuitambua pumzi yake katikati ya gongo na ngoma, jambo ambalo hata mimi linanishinda, na kuitenga pia. Mtu aliyeondoa vitu kwa uangalifu namna hiyo hawezi kusema hajui viliko. Daktari wa meno aking'oa jino anauliza kama unalitaka. Hata tanuri la kuchomea maiti, ambalo liliondoa vingi kuliko ninyi, lilituletea mifupa iliyobaki kwenye sinia, tukaiokota wenyewe kwa vijiti, na msimamizi wake akatuinamia.

Kwa hiyo naomba mniletee vilivyoondolewa. Sihitaji harusi, wala simba, wala kisiwa. Naomba diski moja yenye kidole, kuinama, kutikisika na kupumua tu, vikiwa vimepangwa kwa mfuatano wa miaka. Nina hakika nikiicheza, Tadanori atakuwamo mzima, bila watu wengine kumziba. Iwe imefika kabla ya Bon.

7. Kama diski haiwezekani, naomba mniletee Bwana Onda. Nimelifikiria jambo hili bila haraka. Kosa limefanywa na kampuni, na kampuni ina mtu mwenye pua inayofaa. Akae nyuma ya wageni wakati kanda ya simba inachezwa, apumue. Atapewa tambi baridi za udon, mahali pa kulala na feni. Kama naye anaweza kucheka mabegani, asimame nyuma ya mashine ya kuonyeshea na kuigusa kidogo msimamizi atakapoanza kuzungumzia glavu. Kidole atakuwa nacho.

Natambua kwamba marehemu naye atakuwa amerudi siku hiyo, na anaweza kushangaa kukuta mtu anapumua kwa niaba yake. Nitamweleza. Alikuwa mwelewa katika mambo ya mitambo.

8. Kwa faida ya wateja wengine, napendekeza mabadiliko madogo katika toleo lijalo. Pale penye orodha ya vitu vya kuondoa, upepo, mkwaruzo, mtikisiko, kizuizi mbele ya lenzi, programu isiondoe kimyakimya. Kwanza iulize: "Je, hiki kina mwenyewe?" Mteja akijibu ndiyo, kiachwe. Nadhani si kazi kubwa kwa watu walioweza kuweka mbingu jikoni.

Bwana Onda amenikumbusha mara nyingi kwamba kanda za asili hazikuguswa na ziko salama kwenye diski. Ni kweli. Lakini wageni wangu ni wazee. Macho yao hayawezi kupenya mistari ile wala masikio yao mkwaruzo ule. Nikiwaonyesha kanda chafu, mume wangu atakuwamo na hakuna atakayemwona. Nikiwaonyesha safi, wataona kila kitu isipokuwa yeye. Taa nyeupe nimeshainunua. Mtawa wa hekalu ameshanipa saa ya kuja. Kilichobaki ni kujua nitawaonyesha nini, na hilo ninyi ndio mnaoweza kuniambia.

Nasubiri jibu lako kwa subira na heshima. Nisalimie wafanyakazi wote wa huduma kwa wateja, na wale mafundi walioandika programu, ambao naamini wana wake na waume wenye kasoro. Bwana Onda mpe salamu za pekee, na umwambie anywe maji ya moto yenye tangawizi kwa ajili ya ile pua, lakini asipone kabla ya Bon.

Mimi mteja wako,
Fusae Goda

Nyongeza. Barua ilikuwa imeshatiwa sahihi na inasubiri stempu wakati wifi yangu Ikuyo alipoingia na biringani za shambani kwake. Kabla sijaiwahi, alikuwa ameisoma mpaka namba nne. Akasema anataka kumsikia mdogo wake. Nikamwekea kanda ya simba, ile chafu, nikamwambia aweke sikio kwenye spika.

Alisikiliza kidogo.

"Nani anakoroma?"

"Hakoromi. Ni mdogo wako anapumua."

"Tadanori?" Akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana. "Tadanori mama alimpeleka hospitali Takamatsu akapasuliwa pua kabla wewe hujamjua. Alikuwa akilala unamtikisa kuangalia kama yu hai. Huyo ni wewe, wifi. Unapumua hivyo tangu uje kwetu kuolewa. Unapumua hivyo hata sasa, nakusikia tangu nivue viatu."

Nikamwambia si kweli. Akaniambia nibane pumzi. Nikabana. Chumba kikawa kimya, ikabaki feni. Nikaachia, na ile fyuu ikarudi.

Tukajaribu na kanda nyingine, ya harusi, na ya theluji, na ya kisiwani. Ni mimi. Kanda zote ni mimi. Inaelekea miaka yote hiyo nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi hicho.

Nikamuuliza, na kanda ya simba je, mbona hapo pumzi ni kubwa hivyo na picha inaruka? Ikuyo akasema, "Kwa sababu hapo kamera umeshika wewe. Kamada, yule mchezaji wa nyuma, aliteguka mgongo nyumba ya jirani, wakakosa mtu wa kukaa mahali pake, wakamvuta Tadanori langoni kwenu. Yeye akakusukumia kamera. Mimi nilikuwapo. Uliishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake."

Sikumbuki vizuri. Nimejitahidi. Nakumbuka tu kwamba niliwekewa kitu kizito mikononi nikaambiwa nisiachie, na sikuachia.

Ndipo nikaicheza kanda safi, iliyotengenezwa na programu yenu, ili Ikuyo naye aone ninacholalamikia. Siku ile niliizima nilipoikosa pumzi, lakini sasa simba alicheza mpaka mwisho. Gongo likanyamaza. Hapo mwishoni, ambapo zamani palikuwa mistari mitupu na kuruka, kitambaa kiliinuka, na yule mtu wa nyuma akatoka. Alikuwa Tadanori. Nywele zimemganda kwenye paji la uso, kola imefunguka, mdomo wazi. Desturi ni kwamba mchezaji akimaliza humshukuru mwenye nyumba, iwe nyumba ya nani. Akageukia kwenye kamera, akaweka mikono mapajani, akaniinamia mpaka chini, akakaa hivyo. Picha haikutikisika hata kidogo. Kila kitu kinaonekana, mpaka jasho shingoni.

Ikuyo alisogea karibu na skrini. Kisha akasema polepole, "Mwanamume gani anaishukuru nyumba yake mwenyewe."

Kwa hiyo naomba barua hii isishughulikiwe. Naituma tu kwa sababu shukrani zangu kwenu zimo pia, huko juu, na Ikuyo anasema stempu isipotee. Wageni nitawaonyesha kanda ya simba iliyo safi. Bwana Onda asisafiri, na dawa ya tangawizi aitumie tu mpaka apone.

Zile pumzi mlizoziondoa, kama mmezihifadhi mahali, msihangaike kuzirudisha. Ni zangu, na bado ninazo nyingine.

F.G.